Kamba wanakunja mikia wakati wa joto: nifanye nini?

Swali: Nakaa Nairobi, lakini nina bwawa la kamba Kwale, kando ya mikoko. Ni la robo ekari, kina chake sentimita 70, na kuna kijana anayeliangalia. Msimu huu wa kaskazi maji yanafika nyuzi 34 mchana. Juzi nilimwomba atupe kimia saa nane tuone kamba wamekua kiasi gani. Walitoka wamekunja mikia, na baadhi wakafa papo hapo. Alfajiri anawaona wakielea juu, kando ya ukingo. Je, nitie barafu, au nifunike bwawa kwa neti ya kivuli?

Jibu: Barafu iache. Bwawa lako lina lita laki saba hivi. Kushusha nyuzi moja tu kungekula tani sita za barafu, na jua la kesho lingeirudisha. Neti ya kivuli inafaa matangi na vidimbwi vya vifaranga, lakini kwa robo ekari gharama ya nguzo peke yake itakuumiza.

Mwili wa kamba hufuata joto la maji. Kamba wa aina ya Penaeus monodon hustarehe kati ya nyuzi 28 na 32. Zaidi ya hapo anahitaji hewa nyingi zaidi, na papo hapo maji yanazidi kuishiwa nayo: maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 35 hubeba 5.8 hivi. Usiku mwani nao unavuta hewa hiyo hiyo, pamoja na uchafu wa sakafuni. Ndiyo maana kamba wako wanapanda juu alfajiri. Joto la mchana limewachosha, lakini kinachowaua ni uhaba wa hewa majini saa kumi na moja asubuhi.

Basi mwambie kijana apime oksijeni mara mbili: saa tisa alasiri na saa kumi na moja alfajiri, chombo kikiwa karibu na sakafu, kwa sababu huko ndiko kamba wanakokaa. Kipimo cha juu kitakudanganya, hasa siku isiyo na upepo. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4, washeni gurudumu la kupiga maji. Chini ya 3, asiwape chakula hata kidogo. Gurudumu la nguvu ya farasi 1 huhudumia takriban kilo 400 za kamba. Liwake kuanzia saa nne usiku hadi jua lichomoze. Kama sakafu ina tope jeusi linalonuka kama yai viza, lisielekezwe huko, maana litafumua sumu iliyotulia.

Dawa kubwa zaidi ni kina. Fikisheni mita 1.2 au zaidi. Subirini bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana, mfungue mlango wa bwawa maji yakijaa usiku au alfajiri, na mbadilishe asilimia 10 hadi 20, mkitoa ya chini kwanza. Maji ya mchana yaliyopita juu ya tope lenye jua yana moto kuliko ya bwawa, msiyaingize. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, hamtapata kitu bila pampu, kwa hiyo akiba ya kina iwekwe mapema.

Chakula punguzeni nusu maji yakipita nyuzi 33. Wape saa mbili asubuhi na jioni, mchana pasiwe na kitu. Muda wa saa mbili ukipita tangu kuwalisha, inueni trei ya chakula: mabaki yakiwepo, punguzeni tena. Chakula kinachooza huongeza amonia, na joto likiandamana na pH (kipimo cha asidi ya maji) ya juu hugeuza sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo kuwa sumu.

Sasa mikia. Msuli wa kamba aliyechoka na joto hukakamaa akitolewa majini ghafla. Mtazame kwa karibu, nyama ya mgongo inageuka nyeupe kama maziwa badala ya kupitisha mwanga. Upungufu wa madini ya magnesi na potasi huchangia, ila maji yako ya bahari kwa kawaida huwa nayo ya kutosha. Kimia kitupwe alfajiri tu, tena baada ya kupima hewa, na kamba wawekwe kwenye ndoo ya maji ya bwawa. Wakati wanajivua ganda msiwaguse kabisa.

Ikiwa bamvua bado iko mbali na kipimo cha alfajiri hakipandi, vuneni kamba wakubwa usiku muwapeleke sokoni kwenye barafu. Waliobaki watapata nafasi na hewa.