Hadithi Ikikwama, Usiombe Wazo

Mwandishi wa hadithi akikwama, mara nyingi humpigia rafiki simu na kumwambia, "Nipe wazo." Rafiki analitoa, tena zuri, ila ni la hadithi iliyo kichwani mwake yeye. Ukilipachika kwenye yako, wahusika wanaanza kutenda mambo yasiyowafanana, na baada ya kurasa tatu umekwama tena.

Kabla ya kumtafuta mtu, andika muhtasari wa nusu ukurasa: mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nani anamzuia, na tukio la mwisho uliloandika ni lipi. Kisha rudi nyuma kurasa kumi. Sura ya tano ikigoma, chanzo huwa sura ya tatu, pale mhusika alipopata kitu kirahisi mno.

Chukua mfano wa hadithi ya Newala, mkoani Mtwara, msimu wa korosho. Somoe, mkulima, amepeleka magunia yake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yamepimwa, amepewa risiti, mnada umepita, hela imeingia benki. Sasa nini? Hakuna kinachofuata, kwa sababu amepata alichokitaka bila mtu kumpinga. Ukiuliza watu "Somoe afanye nini?" utapotea. Uliza hivi: "Inawezekanaje mkulima afike msimu wa mnada korosho zikiwa si zake tena?"

Watu watatu wanatosha. Awepo anayeijua shughuli yenyewe, msomaji wa hadithi asiyeandika, na mwandishi mwenzako. Ukiita waandishi peke yao, watakurudishia visa walivyosoma. Na kama una mtani mwenye ulimi mkali, mwite yeye: utani wetu wa huku Kusini unamruhusu kukwambia usoni kwamba mhusika wako hana akili, jambo ambalo rafiki mpole atalimeza.

Mtu wa shughuli usimwombe kisa, muulize kazi. "Shikamoo mjomba. Mwezi wa saba, mtu akikosa hela ya kupulizia mikorosho anafanyaje?" Hapo atakueleza kwamba ugonjwa wa ubwiri unga ukishaingia kwenye maua hausubiri, na kwamba wapo wanaochukua hela kwa mtu wa kangomba, anayenunua korosho kinyemela, na kuahidi korosho ambazo bado hazijaonekana mtini. Kangomba ni marufuku, kwa hiyo Somoe akidhulumiwa hana pa kulalamika. Jibu moja limekupa mpinzani, siri na siku ya deni. Wakati anaongea, nyamaza na uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Ukimkatiza na "hii nitaitumia", ataacha kukueleza yanayotokea na kuanza kukutungia.

Kikao chenyewe kiwe cha dakika 40. Kumi za mwanzo wasome muhtasari na waulize maswali tu, bila kupendekeza lolote. Swali ulilokosa jibu liwekee alama, maana hadithi inavujia hapo. Dakika 20 zinazofuata ni za mapendekezo, yasipungue 15, na asikosoe mtu. Ya kwanza yatakuwa ajali, uchawi, mimba, ndugu aliyepotea akarudi, yaandike yapite. Yenye uhai huanza kuja watu wanapodhani wameishiwa, kwa hiyo usifunge kikao mapema. Dakika kumi za mwisho chagua mawili na upime: lipi linamlazimisha Somoe achague kati ya vitu viwili ambavyo vyote anavihitaji? Lisilomlazimisha liache, hata kama lilishangiliwa.

Usiwasimulie mwisho wa hadithi. Kisa kikishasimuliwa chote kwa mdomo, hamu ya kukiandika hupungua sana, na hilo limeua hadithi nyingi nzuri.

Akili mnemba nayo inasaidia ukiiagiza ikuulize maswali 20 kuhusu mhusika. Ukiiomba kisa, itakupa kile inachompa kila mtu. Na mambo ya ghalani itakayokueleza yathibitishe kwa karani wa AMCOS.

Usiku uleule andika ukurasa mmoja, usianzie pale ulipokwama. Andika Julai: Somoe anapokea hela ya kangomba, anaihesabu, anaamua nani asijue. Sura ya mnada iguse baada ya hapo, ukianza na kufuta kila mahali alipopata kitu bila kukilipia.