Nilisomeshwa kwa shamba la yatima: je, naweza kumshukuru Mungu?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kigoma Vijijini. Baba mkubwa alifariki nikiwa darasa la tano, akaacha mjane, watoto wanne na shamba la michikichi. Baba yangu ndiye aliyesimamia mirathi. Mwaka jana shangazi alinieleza kwamba shamba lile baba aliliuza bila kumshirikisha mama mkubwa, na fedha zile ndizo zilizonilipia ada ya sekondari na ya chuo cha uuguzi. Watoto wa baba mkubwa waliishia darasa la saba. Mama mkubwa, aliyekuwa akikamua mawese yake mwenyewe, siku hizi anayanunua sokoni kwa kipimo cha chupa ya soda.

Nilipomuuliza baba hakukana. Alisema, "Mwanangu, hesabu akina mama wangapi wamejifungua salama mikononi mwako. Ni Mungu alipanga, kama alivyopanga kwa Yosefu." Kaka yangu anasema tunyamaze, kwani miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani imeshapita. Na sasa ukoo unaandaa misa ya shukrani kwa ajili yangu. Je, kazi yangu ni baraka au ni dhuluma? Na mimi nadaiwa, ilhali sikuiba?

JIBU

Milele amina, binti yangu. Kazi yako ni baraka, na deni unalo. Najua ungependa moja lifute jingine, na hata baba yako ndivyo anavyotaka, ila hayafutani.

Nianze na Yosefu, kwa kuwa jina lake limetumika vibaya nyumbani kwenu. Fungua Mwanzo sura ya 50 uangalie ni nani anayesema nini. Yakobo amekwisha kufa, ndugu zake Yosefu wameingiwa na hofu, wanatuma ujumbe wa kuomba wasamehewe kosa lao na dhambi yao. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema Mungu alipanga. Maneno hayo yanatoka kinywani mwa yule aliyetupwa shimoni, akauzwa, akafungwa gerezani Misri bila kosa. Naye hayasemi kabla ya kulitaja kosa kwa jina lake: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Baba yako ameichukua kauli ya aliyeuzwa akaisema kwa niaba ya waliouza. Katika ukoo wenu Yosefu ni mama mkubwa na watoto wake. Ikiwa siku moja yeye mwenyewe atasema kwamba Mungu ametoa jema katika yaliyompata, msikilizeni kwa unyenyekevu wote. Kabla ya hapo hakuna mwenye haki ya kumsemea, hata mimi padre.

Angalia pia siku ya Pentekoste. Petro anauambia umati kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na papo hapo anawaambia: ninyi mlimwua. Msalaba ndio wema mkubwa kuliko wote uliowahi kutoka katika uovu wa watu, nasi tunaokolewa kwa huo. Pamoja na hayo hakuna aliyesimama pale akasema, "Basi tulitenda kazi ya Mungu." Walichomwa mioyo, wakauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Petro akawajibu, "Tubuni." Bwana mwenyewe alikwisha kusema kwamba Mwana wa Adamu anakwenda zake kama alivyoandikiwa, lakini ole wake yule anayemsaliti. Mpango wa Mungu ulitimia, na Yuda hakupata kwa huo cheti cha kutokuwa na hatia.

Sisi watu wa magharibi mwa Tanzania tusihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Misafara ya watumwa ilipita hapa, kutoka Ujiji hadi Tabora na kuendelea Bagamoyo, watu wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo. Katika uovu huo huo, ingawa mbali na hapa, upande wa Timbuktu, mtoto mmoja aliibwa na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walimkomboa kule Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, akaletwa Karema kwenye ukingo wa ziwa letu hili la Tanganyika. Huyo ni Adriano Atiman, mganga na katekista, aliyewatibu watu wa huko tangu miaka ya 1880 inakaribia kwisha hadi alipofariki mwaka 1956. Wagonjwa wangapi walipona kwa mikono yake, wangapi walimjua Kristo kwake! Sasa niambie, ni Mkristo gani mwenye akili timamu atakayesema waliomwiba walifanya vema? Au kwamba mama yake Atiman, aliyebaki bila mtoto, alipwe kwa kuambiwa habari za hospitali ya Karema? Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Atiman kwa moyo wote. Kwa wale walioiba hatuna shukrani yoyote.

Imani yetu inafundisha kwamba Mungu hataki uovu wala hausababishi. Anauruhusu kwa kuwa anaheshimu uhuru wa viumbe wake, na kwa uweza wake anajua kutoa jema hata humo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 312, inaeleza hayo kwa mfano wa Yosefu huyo huyo, na inamalizia kwa kusema kwamba uovu haugeuki kuwa wema kwa sababu hiyo. Ingekuwa unageuka, tungelazimika kuwashukuru wezi wote wa Tabora na Kigoma. Mtume Paulo aliwakemea vikali waliodai kwamba anafundisha tutende mabaya ili yaje mema.

Kwa hiyo usiichukie kazi yako. Nimeona katika maneno yako kishawishi cha kuacha uuguzi, kana kwamba mikono yako imenajisika. Usiache. Ujuzi ulio nao umeupata kwa kukesha na vitabu, na mama anayekuja usiku wa manane akiwa na uchungu anahitaji huduma yako, hana habari za shamba. Huruma uliyo nayo kwake Mungu ndiye aliyekupa. Mshukuru kwa hiyo, kila siku, bila woga.

Sasa deni. Unasema hukuiba, na ni kweli. Ulipokuwa mtoto ukilipiwa ada hukujua, na Mungu hakuhesabii dhambi kwa hilo. Lakini sasa umejua. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2412, inasema aliyechukua mali ya mwingine anawajibika kuirudisha, au thamani yake kama yenyewe haipo tena, pamoja na faida ambayo mwenyewe angeipata kihalali. Na wajibu huo unawagusa pia walionufaika kwa kujua, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake. Hapo ndipo bei aliyouzia baba yako isipotosha. Mchikichi huzaa kwa zaidi ya miaka 20. Mama mkubwa alipoteza ardhi, akapoteza mavuno ya kila mwaka, mawese ya kula na ya kuuza, na ada ambazo mavuno hayo yangewalipia wanawe. Sehemu kubwa ya deni ni ya baba yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyetenda. Sehemu yako ni ndogo, ila ipo, na ukinyamaza kama anavyotaka kaka yako itazidi kukua, maana kuanzia hapo ukimya huo ni wako. Ile miaka 12 ni ya mahakama. Mbinguni hakuna sheria ya ukomo kwa haki ya mjane na yatima.

Baba yako usimtukane wala usimwaibishe mbele za watu. Amri ya nne bado inakubana. Kaa naye faraghani, mpelekee habari za Zakayo katika Luka 19. Zakayo aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Mshauri aende kwenye Kitubio, na ajue mapema kwamba muungamishi atamwuliza juu ya kurudisha. Anayeweza kurudisha na hataki, toba yake bado haijakamilika. Kama hana kitu tena, aseme ukweli mbele ya mama mkubwa, kwa kinywa chake. Hilo halihitaji fedha.

Misa ya shukrani iahirishwe. Mkiifanya sasa, mama mkubwa ataletwa kukaa benchi la mbele na kupiga vigelegele kwa shamba lake mwenyewe. Siwezi kukushauri umtendee hivyo.

Utakapokwenda kwake, nenda na shangazi yako aliyekwambia ukweli. Eleza ulichokijua na lini ulikijua. Usimwombe asamehe siku hiyo hiyo, wala usitaje idadi ya watoto uliowazalisha. Kisha mwulize ni nini kingemfaa, kwa kuwa pengine wewe umewaza fedha na yeye anawaza mjukuu anayetakiwa kuingia kidato cha kwanza mwezi Januari. Toa kidogo kidogo kadiri ya mshahara wako, na iandikwe, ili kesho na keshokutwa isije ikaitwa msaada. Akikataa kupokea, kama wajane wengi wanavyokataa kwa kuchoka na maneno ya ukoo, usimlazimishe, lakini pia usihesabu kwamba deni limekwisha. Wanawe wanne nao ni warithi wa marehemu, na sehemu yao si yake yeye kuisamehe. Waendee mmoja mmoja.