Pudini ya boga isiyotoa maji

Mama mkubwa wangu hana maneno mengi, lakini akisema, limekaa. Siku ya kwanza nilipompelekea pudini ya boga alichota kijiko, akakigandamiza ukingoni mwa kikombe, maji yakatiririka chini kama ya kitambaa cha deki. Akaniangalia. "Mwanangu, hii umepika au umefua?"

Kilikuwa kikombe kimoja kati ya 24 nilivyowaandalia akina mama waliopita nyumbani baada ya maulidi, hapa Ngamiani, Tanga. Vyote vilikuwa hivyo hivyo: juu vitundu vitundu kama sponji, chini dimbwi. Nikalaumu mayai, nikalaumu oveni, hata aliyeniuzia boga nilimlaumu. Sasa nimeshaoka vikombe visivyo na idadi, kwa futari, kwa harusi na kwa wateja, na ninajua siku ile nilishindwa na maji tu. Kwanza maji yaliyokuwa ndani ya boga, halafu maji niliyoyakamua mwenyewe kutoka kwenye mayai kwa moto mkali.

Nikisema pudini nina maana ya ile ya mayai na maziwa, kastadi yenyewe, inayoganda kwa moto bila unga wowote. Wengi wetu tukisikia kastadi tunafikiria kopo la unga wa njano. Ule ni wanga wa mahindi wenye rangi na harufu. Aliyeubuni ni mkemia wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, mwaka 1837, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Maskini alikuwa na sababu yake. Wewe kama mayai hayakudhuru, kopo liache kabatini.

Tuanze na boga. Watu wa pwani tumelizoea boga la nazi la futari, na kwenye futari hata boga la majimaji linapita, tui litalibeba. Kwenye pudini halipiti. Ninaponunua soko la Mgandini sitaki boga zima kama naweza kupata la vipande, maana kipande hakina siri: nataka nyama iliyokolea rangi, ya chungwa kabisa, nene, kavu ukiigusa. Ile ya njano iliyopauka, yenye nyuzi na inayong'aa unyevu, namwachia mwenye mbuzi. La zima nalipima kwa mkono. Liwe zito kuliko umbo lake, kikonyo kimekauka, na ganda ukilibonyeza kwa ukucha lisiingie.

Halafu usilichemshe. Hapa ndipo nilipopotea mimi. Nilikata vipande, nikatia maji, nikachemsha kama natengeneza futari, nikaponda. Boga lenyewe sehemu kubwa ni maji, nami nikaliongezea mengine. Siku hizi nalipasua, natoa mbegu (usizitupe, tutazirudia), nalipaka mafuta kidogo upande wa nyama, nalilaza kifudifudi kwenye trei na kulioka kwenye nyuzi 200 kwa dakika 45 hadi saa nzima, mpaka kisu kipite bila kuombwa. Kingo zikibabuka kidogo ni vizuri, pale sukari ya boga inakolea. Likipoa nachota nyama kwa kijiko, naisaga, naipitisha kwenye chujio ili nyuzi zibaki juu.

Bado hujamaliza. Rojo hilo lirudishe kwenye sufuria pana, moto mdogo, ukorogee mwiko bila kuondoka. Litaanza kurusha matone, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Baada ya dakika kumi na kitu sauti inabadilika: lile pwata-pwata linatulia, na mwiko ukipita katikati unaacha njia, njia yenyewe haizibi haraka. Hapo epua. Kipande cha kilo moja na robo kikiwa na ganda lake hunipa gramu 400 hivi za rojo zito, na hizo zinatosha vikombe vinane vidogo.

Vipimo vyangu vingine ni hivi: mayai mazima manne na viini viwili vya ziada, sukari gramu 100, maziwa mililita 200, tui zito la kwanza mililita 200, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, iliki ya kutwanga nusu kijiko cha chai na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu. Tui peke yake nimelijaribu, linanukia vizuri lakini pudini inakuwa laini mno, kijiko kinazama kama kwenye uji. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayosaidia kuishika, na Tanga hatuna shida ya maziwa. Nazi ikune mwenyewe kama una mbuzi na muda. La kopo linafaa, ila litikise kwanza.

Maziwa na tui vipashe pamoja mpaka vianze kutoa mvuke, visichemke, tui likichemka kwa nguvu linakatika. Mayai na sukari vichanganye taratibu kwa mchapo. Nasema taratibu kwa sababu hatutengenezi keki, povu hapa ni adui, kila kipovu kitakuwa kitundu. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo kwenye mayai huku unakoroga, tia rojo la boga na viungo, pitisha kwenye chujio mara moja tena. Ukiwa na subira acha robo saa mapovu yapande juu, uyaengue kwa kijiko.

Sasa moto. Yai huanza kushikana likifika nyuzi 60 na kitu. Likichanganywa na maziwa na sukari linachelewa, na pudini inakaa vizuri ikiwa karibu na nyuzi 80. Ikizidi kama 85, protini za yai zinajikaza kama ngumi na kukamua maji yote zilizokuwa zimeyashika. Ndiyo yale maji ya mama mkubwa. Kutoka pudini nzuri mpaka pudini iliyofuliwa ni nyuzi tano, sita hivi, na oveni yenyewe iko kwenye 160! Ndiyo maana vikombe vinakaa ndani ya maji: hata oveni iwake vipi, maji hayapiti 100, na yanapata joto polepole.

Kwa hiyo chukua trei yenye kina, tandika kitambaa chini ili vikombe visigusane na bati la moto, panga vikombe, mimina maji ya moto yafike nusu ya urefu wake. Funika juu na foili kwa kulegeza. Nyuzi 150 mpaka 160, dakika 35 hadi 45, ikitegemea unene wa vikombe. Usingoje ikaze yote. Tikisa trei kidogo: pembeni imeshika, katikati sehemu ya ukubwa wa sarafu inatetemeka kama maziwa mgando. Toa hapo hapo, na vikombe vitoe kwenye maji, maana joto lililomo ndani linaendelea kupika. Ukingoja mpaka katikati ikauke umeshachelewa.

Asiye na oveni asisonye. Mkate wa kumimina tumeuoka miaka na miaka kwa moto wa juu na chini, na pudini inakubali njia hiyo kwa sharti la upole. Sufuria kubwa, kitambaa chini, vikombe, maji ya moto nusu. Jiko la mkaa liwe limeshapita ukali wake, makaa yameanza kuvaa jivu. Funika kwa mfuniko bapa wa bati, juu yake weka makaa manne au matano tu. Nilidhani yale makaa ya juu ni ya kuipa rangi, kumbe kazi yake kubwa ni nyingine: mfuniko ukiwa wa moto, mvuke haugeuki matone ya kudondokea pudini. Nilipopikia mfuniko mtupu nilikuwa napata vijishimo vya maji juu ya kila kikombe. Maji ya chini yakianza kuchemka kwa kelele, punguza mkaa. Unataka yatoe mvuke na kutikisika, yasiruke.

Pudini ikipoa itie kwenye friji saa nne au zaidi. Kwa joto letu hili usiiache mezani zaidi ya saa mbili, ni mayai na maziwa hayo.

Haya, vya kando. Hapa nina ugomvi na wenzangu wengi wapishi. Boga ni mpole. Tui ni mpole, maziwa mpole, yai mpole. Ukimaliza kupika upole wote huo halafu ukamwagia juu shira ya sukari na tende nzima, umeweka mpole juu ya mpole, mgeni anakula vijiko vitatu anatosheka. Boga linataka mwenzake mkali, na linataka kitu cha kutafuna.

Ukali wangu mkubwa unatoka Muheza. Machungwa yake mengi yana ganda la kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza rangi, kwa hiyo usiyakatae kwa macho. Yapime kwa uzito, lenye juisi ni zito. Nachukua matano. Moja nakwaruza ganda lake juu juu bila kufika kwenye weupe, ule weupe ni mchungu. Mawili nakamua. Matatu namenya kwa kisu mpaka utando wa nje uondoke, kisha natoa kila pande kutoka kwenye ngozi yake, yabaki mapande matupu yanayong'aa. Juisi naichemsha na kijiko kimoja cha sukari guru, kipande cha mdalasini na punje tatu za pilipili manga zilizopondwa, mpaka ibaki nusu na ianze kushika kijiko. Ikipoa ndipo natia mapande na yale maganda ya kukwaruza. Mapande hayapikwi, yakipikwa yanavunjika na kupoteza ule ukali tunaoutafuta. Pilipili manga inawashangaza watu, lakini hawaisemi, wanauliza tu umetia nini.

Nje ya msimu wa machungwa natumia ukwaju: uloweke, uchuje, uchemshe na sukari guru uwe mzito kama asali, na matone tu juu ya kila kikombe yanatosha. Nanasi nalo ni zuri sana, lakini lipike. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ukiliacha juu ya pudini ya mayai na maziwa saa chache unakuta uso umelegea na ladha imekuwa chungu. Papai bichi la kukata lina tabia hiyo hiyo. Nanasi likichemka dakika chache na tangawizi, kile kimeng'enya kinakufa na hakuna tabu tena. Tende sikuzikataa kabisa, ila mimi nazikata ndogo ndogo na kuziloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha.

Cha kutafuna ni kashata. Sielewi kwa nini tunatafuta mapambo ya mbali na kashata tunayo. Ichome sukari gramu 100 kwenye sufuria kavu mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, tia korosho gramu 100 zilizokwisha kaangwa, chumvi kidogo na tangawizi ya unga, geuza haraka, mwaga kwenye trei iliyopakwa mafuta. Ikipoa iponde kwenye kinu, si unga, vipande vya kuvunja kwa meno. Korosho ziwe zimekaangwa kweli, mpaka ndani. Iliyobabuka nje tu ni laini katikati na inaharibu raha yote. Karanga zinafaa pia na ni nafuu, nami nyumbani natumia karanga.

Na zile mbegu. Ukipenda boga, penda na ua lake, wanasema, na mimi naongeza mbegu zake. Zioshe, zianike siku nzima, zikaange kwenye sufuria kavu na chumvi mpaka zianze kuruka. Nyunyiza chache juu ya kashata.

Kashata usiitie mapema. Sukari inavuta unyevu wa pudini, nusu saa tu imeshageuka shira. Na njugu zozote ziweke pembeni, siyo ndani, maana wapo ambao karanga au korosho zinawadhuru vibaya, na mgeni hatakuambia mpaka ameshakula.

Kwa hiyo oda ninazopeleka mjini zinatoka hivi: pudini kwenye vikombe vyenye vifuniko, machungwa kwenye kichupa, na kashata nimeifunga kwenye vijikaratasi, kimoja kwa kila kikombe. Mtoto wa wifi yangu ndiye anayepeleka kwa baiskeli. Nimeanza kumhesabia vijikaratasi kabla hajaondoka na kuwauliza wateja vimefika vingapi. Wiki iliyopita vilitoka 12, vikafika tisa. Mdomoni alikuwa ananukia tangawizi.