Bega la binti wa miaka 17: mimi nilihesabu miezi, nikajuta

Mama, pole sana, na mpe pole binti pia. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza kituo changu, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Mjadala huu umeshajaa maneno, acha nirudie ulichouliza. Binti yako ana miaka 17, anacheza tenisi, anatumia mkono wa kulia. Mwishoni mwa Februari alifanyiwa upasuaji wa bega baada ya labramu kuchanika, yaani ule ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe cha bega na kukizuia kichwa cha mfupa kisichomoke. Sasa ni Julai. Kocha anasema miezi mitano inatosha, acheze mashindano ya likizo ya Agosti. Binti anapiga foreheni (mpira wa upande wa mkono wake wa raketi) vizuri, ila akitaka kusevu, yaani kuanzisha pointi kwa kuupiga mpira juu ya kichwa, mkono ukifika juu unasita. Na usiku analia. Unataka kujua kama ni woga au ni bega.

Mimi si daktari. Nilipasuliwa bega hilo hilo la kulia nikiwa kidato cha tatu, na umri huo huo. Leo nina miaka 26, naishi South B, na Jumamosi asubuhi nafundisha watoto tenisi kwenye uwanja wa udongo. Daktari wake na fizio wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, ndio wenye neno la mwisho. Lakini ungekuwa mama yangu, ningekwambia Agosti asicheze.

Hizo wiki za slingi, kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, unazijua, sitazirefusha. Nilikaa nayo wiki sita, nikilala nimeegemea mito mitatu kama mgonjwa wa pumu. Mama alinisuka nywele kwa sababu mkono haukufika kichwani. Nyanya alikuja kutoka Kisauni na chupa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akitaka kunikanda, na fizio alipomkataza alinuna siku mbili. Kwenye matatu nilijifunza kukaa dirishani upande wa kulia, leso imekunjwa kati ya bega na ubavu wa gari, la sivyo kila anayepita katikati anakugonga. Mazoezi yalikuwa ya kuchekesha: kuinama na kuning'iniza mkono ukibembea wenyewe, kutambaza vidole ukutani kama buibui na kuweka alama ya penseli pale vilipoishia, kuinua mpini wa ufagio kwa mikono miwili ili ule mzima uubebe mgonjwa. Alama zile bado ziko ukutani nyumbani. Mama alikataa zipakwe rangi.

Kilichoniponza kilikuja baadaye, pale maumivu yalipoisha.

Kama mwezi wa nne hivi baada ya upasuaji, nilianika nguo kwenye kamba bila kufikiria, nikashtuka nimeinua mikono yote miwili. Nilifurahi mno. Nikadhani nimepona. Nisilolielewa ni kwamba maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu. Daktari alipandisha labramu mahali pake kwa vinanga vidogo vya kutia mfupani na nyuzi, lakini uzi unashikilia tu kwa muda. Kinachotakiwa ni gegedu ligande mfupani upya, na kazi hiyo inachukua kama wiki 12. Hapo ndipo misuli inaanza kujengwa kwa dhati. Misuli minne midogo inayokishika kichwa cha mfupa kwenye kikombe, pamoja na ile inayoliongoza bapa la bega mgongoni, ilikuwa imelala miezi mitatu. Foreheni haiisumbui sana. Sevu ndiyo inayoiumbua, maana mkono ukishaugonga mpira ni lazima usimamishwe, na wenye kuusimamisha ni misuli hiyo ya nyuma.

Basi kocha wangu wa wakati huo, mtu mwema tu, alikuwa na kalenda. Kuanzia upasuaji, mwezi wa tatu raketi, wa tano sevu, wa sita mechi. Mwezi wa sita nikapelekwa Mombasa kwenye mashindano ya vijana.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hatuliwazi. Sisi tunacheza kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka wenyewe, mpaka Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina aina ya mipira iliyoidhinishwa kwa mwinuko wa zaidi ya mita 1,219. Ukishuka pwani mpira unapungua kasi njiani, unyevu unayafanya manyoya yake yafure, na wewe bila kujua unapiga kwa nguvu zaidi ili upate mpira uleule uliouzoea. Mechi yangu ya kwanza ilikwenda seti tatu. Baadaye, kwa hasira, nilikaa na kijana aliyekuwa akiandika pointi, tukahesabu: nilipiga sevu 112, pamoja na zile za pili, maana ya kwanza ikikosea unaruhusiwa kujaribu tena. Wiki iliyotangulia, mazoezini Nairobi, sikuwahi kuzidisha 40.

Nilishinda mechi hiyo. Asubuhi yake sikuweza kuinua kikombe cha chai.

Kwa bahati labramu haikuchanika tena. Ilikuwa kano iliyovimba, na misuli iliyochoka kupita kiasi. Lakini nilirudi kwenye ufagio na ukuta, nikapoteza miezi mitatu mingine. Fizio mpya niliyempata hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Umepiga mipira mingapi wiki hii?" Sikujua. "Na wiki iliyopita?" Sikujua. Akanituma dukani nikanunue daftari la kurasa 48.

Ndilo jambo ninalotaka kukupa, Mama. Miezi haimwambii mtu bega limebeba mzigo gani. Mipira inasema. Mabinti wawili waliopasuliwa siku moja, mwezi wa tano mmoja anaweza kuwa ameshapiga sevu 500 kwa kupanda taratibu, mwingine hajapiga hata moja, na kalenda inawaita wote wawili "tayari".

Daftari langu lilikuwa hivi. Siku tatu kwa wiki za uwanjani, kamwe si mbili mfululizo. Siku ya kwanza mipira 30, foreheni 15 na bekihendi 15 (mpira wa upande wa pili) ya mikono miwili, nikisimama nusu ya uwanja. Na si mipira ya kawaida. Nilitumia ile ya watoto ya rangi ya chungwa, ambayo kasi yake ni pungufu kwa kama asilimia 50, halafu ya kijani iliyopungua asilimia 25, ndipo ya manjano. Nilijisikia aibu sana, msichana wa miaka 18 anacheza na mipira ya watoto wa darasa la nne, na wavulana uwanja wa pili wakinicheka. Sasa mimi mwenyewe ndiye ninayeigawa.

Pembeni ya idadi niliandika namba ya pili, maumivu ya asubuhi iliyofuata, kutoka 0 hadi 10. Asubuhi iliyofuata, si palepale uwanjani. Uwanjani mwili una joto, unadanganya. Ikizidi 3, narudi ukurasa wa nyuma. Ikiwa 3 au chini mara mbili, naongeza mipira 10. Na nilijifunza kutofautisha uchovu wa misuli, ambao ni mpana na unaisha siku ya pili, na ule uchungu wa kuchoma ndani kabisa, mahali ambapo ungeweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Huo wa pili haujadiliwi, unamrudisha mtu kliniki.

Siku ambazo si za uwanjani ni za raba, ule mkanda wa mpira unaovutika. Fizio ana raba nzuri za rangi rangi, lakini nilikata tyubu ya baiskeli kwa fundi wa mtaani, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango. Kiwiko kimebanwa ubavuni na taulo katikati, navuta mkono kwenda nje, polepole, na kurudi polepole zaidi. Jambo la kumuuliza fizio: misuli inayovuta kwenda nje ina nguvu kiasi gani ikilinganishwa na inayovuta kwenda ndani? Ya nje inapaswa kufika angalau theluthi mbili. Kuna kifaa kidogo cha kupimia. Ikiwa haijapimwa, basi hakuna anayejua, hata kocha. Kama pesa zinabana (zilitubana na sisi), afadhali umwone fizio mara moja kwa wiki mbili, apime, abadilishe mazoezi, nanyi mengine mfanye nyumbani, kuliko kwenda mara sita mwezi wa kwanza kisha kuacha kabisa.

Na miguu, Mama, usiisahau. Zaidi ya nusu ya nguvu ya sevu hutoka miguuni na kiunoni, bega ni bomba la kuipitisha tu. Mimi wakati wa slingi nilikaa kwenye kochi, nikanenepa, magoti yakalegea. Niliporudi, bega lilifanya kazi ya miguu. Laiti ningekuwa nimetembea msitu wa Karura kila Jumapili na kupanda ngazi za nyumbani! Kwa binti bado hujachelewa.

Sasa kile kusita kwa mkono. Kwangu nao ulikuwa unakwama palepale, raketi imeshaanguka nyuma ya mgongo, kabla ya kupanda. Ndiyo nafasi bega lilipochanikia, na kichwa hakijasahau. Nilivyoambiwa ni kwamba woga huo si upuuzi: akili inalinda mahali ambapo misuli bado haijathibitisha kwamba inaweza. Kumwambia "jikaze, usiogope" ni kumtia hatiani kwa kosa ambalo si lake. Kilichonisaidia ni taulo. Nilifunga fundo mwishoni, nikawa napiga sevu ya hewa kwa taulo mbele ya kioo, mara 20, kila jioni wiki tatu. Hakuna mpira, hakuna wavu, hakuna mtu. Kisha sevu 10 za mpira wa chungwa nikisimama kwenye mstari wa boksi la sevu, si mstari wa nyuma. Zote 10 zilikwenda kwenye uzio. Niliandika tu: 10.

Nilifika sevu 60 za mpira wa kawaida kutoka mstari wa nyuma mwezi wa 13 baada ya upasuaji. Ndiyo, 13. Kama si Mombasa, pengine ingekuwa wa tisa au wa kumi.

Kwenye mashindano nilirudi kwa mechi za wawili wawili. Hilo mpendekezee kocha kama njia ya kati, ukifika wakati wake. Katika wawili wawili unasevu gemu moja kati ya nne, na nusu ya uwanja inashughulikiwa na mwenzako. Na sevu ya kupiga kutoka chini ya kiuno ni halali kabisa. Michael Chang, mchezaji wa Marekani, alikuwa na miaka 17, kama binti yako, alipompigia Ivan Lendl, namba moja wa dunia wakati huo, sevu ya namna hiyo kwenye mashindano makubwa ya Ufaransa, Roland Garros, mwaka 1989, misuli ya miguu imembana seti ya tano. Alishinda mechi, akashinda na kombe. Mimi niliitumia mwezi mzima na kuna mama mmoja wa mpinzani aliyelalamika kwamba namdharau mwanawe. Shauri lake.

Kama binti anapenda mifano ya wakubwa, mwambie kuhusu Maria Sharapova, mchezaji wa Urusi. Alipasuliwa bega la kulia Oktoba 2008, akiwa ameshashinda mataji makubwa matatu. Alirudi mechi za mmoja mmoja Mei 2009, akiwa ameshuka hadi nafasi ya 126 duniani. Alifupisha mzunguko wa sevu yake ili kulinda bega, na kwenye US Open ya mwaka huo alitolewa na Melanie Oudin huku akikosea sevu zote mbili mara 21. Mara 21, mbele ya dunia nzima, na huyo alikuwa na madaktari na makocha ambao mimi na wewe hatuna. Roland Garros alishinda 2012. Ila usimwambie sehemu ya 2012 kwanza. Mimi kila mtu aliniambia mwisho wa hadithi za watu, wakati nilikuwa katikati ya yangu. Yale makosa 21 ndiyo yaliyonifariji.

Kuhusu kocha: usigombane naye. Nenda na karatasi ya fizio yenye vipimo, umuulize mwanangu atapiga sevu ngapi katika mechi moja, na mpaka sasa amepiga ngapi kwa siku moja mazoezini. Mwache ajibu mwenyewe. Akisema idadi haina maana, hapo ungetafuta kocha mwingine wa muda.

Kulia usiku sina dawa yake. Mama yangu hakusema kitu, alikuwa anakuja na chai ya tangawizi na kukaa ukingoni mwa kitanda akikunja nguo. Mara nyingine alikunja zilezile mara mbili. Baadaye ndipo nilipomwambia kwamba sikuwa nalilia bega. Wenzangu walikuwa wamepanda daraja na kuacha kunipigia simu. Muulize hilo, polepole.

Daftari lenyewe bado ninalo. Nitapiga picha kurasa za miezi mitatu ya kwanza na kuziweka hapa kesho, leo stima imepotea huku kwetu tangu saa kumi na simu imebaki asilimia 9.