Saa nzima kwenye somo la simu, katoka hajui kitu

SWALI: Shikamoo anti. Binti yangu yuko form two, likizo hii shule yao imewapa masomo ya kwenye intaneti, yale ya video na picha na vimaswali mwishoni. Jana kakaa saa nzima na somo la moyo, kumuuliza damu inayoenda mapafuni inatokea chumba gani, kimya. Baba yake kasema uvivu, kamnyang'anya simu. Mi nilikaa naye pembeni nikaona anavyohangaika, picha ya moyo iko juu ina namba tupu, majina yako huko chini kabisa, anapanda anashuka, muziki nao unapiga, akigusa vibaya kidogo video inaanza upya na bando linakatika. Huyu mvivu kweli?
Mama wa form two, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba arudishe simu, hapo uvivu siuoni. Hiyo panda shuka uliyoiona ndo ugonjwa wenyewe. Kichwa cha mtu kinashika vitu vichache tu kwa mara moja, John Sweller, mtafiti wa Australia wa jinsi watu wanavyojifunza, aliandika juu ya hilo toka 1988, sasa binti anaona namba 4 juu, anashuka kutafuta 4 ni nini, akifika huko kashasahau ilikuwa upande gani, anarudi tena. Nguvu yote imeishia kwenye kidole, moyo wenyewe hajausoma. Na hapo bado Kiingereza, maana biolojia yenyewe iko kwa Kiingereza.

Mtafiti mwingine, Richard Mayer wa California, kapima mambo haya miaka mingi, akaona jina likikaa palepale kwenye sehemu yake mwanafunzi anaelewa zaidi kuliko likiwekwa mbali, na muziki wa kupamba unaharibu badala ya kusaidia. Hata urefu una shida. Watafiti waliochambua video za edX, ule mtandao wa masomo ya vyuo, mara karibu milioni 7 ambazo watu walizifungua, walisema 2014 kwamba video ikizidi dakika 6 wengi wanaanza kuchomoka. Hao ni watu wazima waliojiandikisha wenyewe, sembuse mtoto wa likizo.

Ila usidhani somo likiwa rahisi kubofya basi limeingia. Kuna mengine laini kama mlenda, mtoto anabofya endelea endelea mpaka mwisho anapewa nyota, muulize sasa!

We fanya hivi, achukue daftari achore ule moyo kabla ya kugusa video, aandike majina juu ya mchoro wake mwenyewe, halafu ndo aangalie kipande kipande, asimamishe, afunike simu aeleze kwa mdomo. Simu ailaze ubavu, picha itakuwa kubwa. Na mwalimu mpigieni mumwambie, bila ugomvi, akae na watoto wanne watano awatazame tu wanavyotumia hilo somo, asiwaelekeze, ataona wanakwama palepale wote.

Halafu hiyo damu inatokea chumba cha chini cha kulia. Kwenye picha utakiona kushoto, kwa sababu moyo unachorwa kama mtu kakuelekea uso kwa uso, na sitashangaa kama binti alikuwa analijua jibu ila hicho kushoto kulia ndo kilimfunga mdomo.