Taa mbovu na kibudu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii mmelifunga matatu kwa kamba moja: mnyama wa porini akigongwa na gari akafa, nyama yake iliwe au iachwe, nani awe na haki nayo, na je, wewe msomaji umewahi kuila? Mawili ya kwanza nitayajibu kwa urefu. La tatu nitalifikia.

Nimekaa barabarani miaka 19, minne ya mwanzo nikiwa utingo, iliyobaki nikishika usukani, na karibu yote ilikuwa njia ya Dar kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Kwa hiyo ukinitajia mnyama na gari, mimi naiona Mikumi. Kwa wasiopajua: ukitoka Morogoro, ukaipita Melela na Doma, unaingia hifadhini, na lami inakata katikati ya mbuga kama kilomita 50 mpaka mji wa Mikumi. Hakuna uzio. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara ni hiyo hiyo ya mafuta ya Zambia, shaba ya Kongo, mabasi ya Mbeya na nyanya za Ilula. Mnyama hana habari na hayo. Kwake lami ni mahali pakavu panapobaki na joto usiku. Pembeni majani yamefyekwa, simba hawezi kujificha. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami yanaotesha majani mabichi kando ya barabara wakati kwingine kumeshakauka. Tumemwandalia sebule, kisha tunakatiza humo na tani 30.

Wenye magari madogo hupenda kusema mnyama "alitokea ghafla". Piga hesabu. Kwa mwendo wa 80 kwa saa, gari linameza mita 22 kila sekunde. Taa za chini zinakuonyesha kama mita 50 hivi mbele yako. Ondoa sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuhamisha mguu: mita 33 zimekwisha na breki hujaigusa. Hiyo ghafla ni ya nani? Tembo ndiye mbaya zaidi, maana rangi yake ni ya lami na macho yake yako juu kuliko mwanga wa taa, hayakurudishii mng'aro. Twiga ukimgonga unampiga miguu, na mwili unakushukia kwenye kioo. Swala pala anataka hesabu nyingine: akiruka mmoja, usimtazame huyo, mngoje wa pili, kwa sababu wa pili hatazami gari, anamtazama mwenzake. Nyani tunawaua kwa maganda ya ndizi na mahindi wanayorushiwa na abiria kutoka dirishani. Hilo silo swali lenu, lakini nimeshindwa kulipita.

Sasa nyama. Nitawasimulia madereva wawili niliowahi kuwa utingo wao, kwa sababu jibu langu limetoka kwao, halikutoka kwenye kitabu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Pangani, mtu wa swala tano, anayesimamisha lori kwa ajili ya alfajiri hata kama tumechelewa. Alfajiri moja, kama saa kumi na moja kasoro, tukampiga swala pala dume karibu na matuta. Mzee akashuka na kisu mkononi, mimi nyuma yake na tochi, mate yananitoka. Nilikuwa na miaka 22 na usiku ule tulikuwa tumekula mihogo mikavu. Mzee akapiga magoti, akamgusa yule mnyama kwenye jicho kwa ncha ya kidole. Jicho halikupepesa. Akamgusa tena. Akakirudisha kisu kiunoni.

"Kibudu," akasema.

Mimi ni Mkristo wa Kilosa. Kwetu swali lilikuwa kama nyama inanuka au hainuki. Nikamwambia, "Mzee, huyu bado ana joto." Akanieleza pale pale, barabarani, kwamba Qur'ani katika Suratul Maida inawataja mmoja mmoja: aliyekufa kwa kusongwa, aliyekufa kwa kupigwa, aliyeporomoka, aliyepigwa pembe, aliyeliwa na mnyama mkali, wote haramu isipokuwa yule utakayemuwahi akiwa na uhai ukamchinja. Lori nalo ni kipigo. Kisha akanishikisha miguu ya nyuma, yeye akashika pembe, tukamburuta mbali kwenye majani. Nikauliza kwa nini tujichoshe na kitu tusichokula. Akasema tukimwacha hapa fisi atamfuata, naye ataliwa na gari, na tumbusi asubuhi vivyo hivyo.

Tulipopanda alitazama taa ya kushoto iliyopasuka. "Mwanangu, hapa nimepata nini? Taa mbovu na kibudu." Tukaenda na jicho moja mpaka Mikumi, na mwendo wake, ambao kwa kawaida ulikuwa wa polepole mpaka matingo wenzangu wakanicheka, ukazidi kuwa wa polepole.

Wa pili nitamwacha bila hata mji wake. Huyu alisafiri na sufuria, chumvi na magadi. Mbele ya bampa alichomelea ngao ya mabomba mazito, na alijua ni ya nini, hakusema ni urembo. Nisimsingizie: sijawahi kumwona akimlenga mnyama. Hakuongeza mwendo hata mara moja. Alichokuwa anafanya ni kidogo sana na ndicho kimenikaa miaka yote hii. Swala wakitokea, mguu wake ulibaki pale pale ulipokuwa. Mzee wa Pangani mguu wake ungekuwa umeshahama kabla mimi sijawaona. Huyu alitulia, mikono miwili kwenye usukani, kama mtu anayengoja basi.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, Mhariri. Hakuna trafiki, hakuna askari wa hifadhi, hakuna hakimu anayeweza kuupima mguu ambao haukukanyaga breki. Anayeweza ni yule mwenye mguu tu. Kwa hiyo kitu kimoja kinachobaki mikononi mwetu ni kile kinachomngoja upande wa pili wa kishindo. Kikiwa kitoweo, mguu utachelewa. Kikiwa taa mbovu na kibudu, mguu utahama. Aliyegonga asile. Asiuze, asigawe, asipelekee hata mama mkwe.

Sheria yetu inasema hivyo, ingawa kwa sababu zake nyingine. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini aliyekufa ni nyara ya Serikali, na ukikutwa na paja lake kwenye buti bila kibali, neno "nilimkuta ameshakufa" halikuokoi. Kukutwa na nyara hizo ni miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na kifungo chake hufika miaka 20 hadi 30. Mikumi kuna kibao cha faini kwa wanaogonga, kimeandikwa kwa dola: twiga 15,000, nyati 1,900, swala pala 390. Abiria hukipiga picha wakicheka. Dereva hacheki.

Na hapa mimi na sheria tunaachana kidogo. Faini ya kugonga ni sawa kwa aliyekimbiza gari. Lakini dereva aliyegonga swala saa nane usiku, akaihesabu hiyo 390 kwa shilingi, atasimama kuripoti? Hasimami. Anazima taa za kabini na kuondoka, na mzoga unabaki katikati ya njia ukiita fisi, mbweha na tumbusi waje kufa juu yake. Mimi ningetenganisha watu wawili: anayesimama akatoa taarifa getini apunguziwe sana, na anayekutwa na nyama abanwe. Naye mwanakijiji aliyekata mnofu wa mzoga alioukuta pembezoni mwa lami, mtu asiye na gari wala ngao, sioni ni wapi anafanana na muuza pembe za ndovu mpaka wapimwe kwa mizani moja.

Kuna msomaji atakayesema: mbona wenzetu wanakula? Ni kweli. Alaska, jimbo la baridi la Marekani, kuna mnyama wa jamii ya kulungu anayeitwa moose, dume lake linaweza kuzidi kilo 500, na kila mwaka magari yanawaua kwa mamia. Nyama haiachwi ioze. Polisi wa jimbo wana orodha ya makanisa, vyama vya hisani na familia zilizojiandikisha. Ajali ikitokea, hata usiku wa manane kwenye theluji, anayefuata kwenye orodha anapigiwa simu aje na visu na gari lake. Angalieni vizuri jambo moja: mnyama ni mali ya jimbo, na aliyegonga haondoki naye. Oregon, jimbo lingine huko huko, tangu Januari 2019 wamemruhusu hata aliyegonga achukue nyama ya kulungu kwa kibali cha bure, lakini kichwa na pembe lazima avipeleke ofisini, na kugonga kwa makusudi ni kosa. Kwa nini kichwa na pembe? Kichwa kinapimwa ugonjwa. Pembe, nadhani hata wao wana madereva wa mguu mzito.

Je, utaratibu wa Alaska ungefaa Mikumi, nyama iende shule ya bweni au hospitali? Zamani niliupenda. Siku hizi siutaki, na sababu ni jua. Mnyama aliyepigwa na lori amepasuka ndani: utumbo umemwagika kwenye mnofu, nyongo imechanganyika, damu haikutoka. Kwenye baridi ya nyuzi chini ya sifuri una saa kadhaa za kuhangaika naye. Kwa jua la Mikumi saa sita mchana, atakapofika mganga wa mifugo wa kumkagua, mnyama amevimba tumbo. Tena yule uliyemkuta amelala kando ya lami hujui kama aliuawa na gari au na kimeta. Kwetu kimeta kimeshaua wanyamapori na watu waliochuna mizoga. Anayetaka kuonja nyamapori aende kwenye bucha zilizoruhusiwa na kanuni za mwaka 2020, nyama imekaguliwa na risiti anapewa. Ghali? Ndiyo. Ya barabarani mlipaji ni mwingine tu.

Kwa hiyo iachwe, lakini isiachwe barabarani. Ivutwe na askari wa hifadhi mbali na lami, fisi na tumbusi wapate chakula chao bila kuvuka njia. Wao hawana ngao. Na wewe uliyegonga usishuke kuvuta mwenyewe kama nilivyofanya mimi na mzee. Gizani kando ya mzoga mbichi kuna wengine waliosikia kishindo kabla yako. Nenda getini.

Limebaki lile la tatu, kama nimewahi kuila.

Nimeila mara moja, na yule dereva wa pili. Tulikuwa tumeishaipita Mikumi, tumelala kabla ya kupanda mlima wa Kitonga, nyama imefichwa chini ya kiti tangu usiku wa jana yake. Yeye alipika, mimi nikasonga ugali. Nilijua ni ya wapi kwa sababu nilikuwa nimekaa kando yake, nimeutazama mguu wake, na sikusema kitu. Ilikuwa na chumvi nyingi. Tonge la tatu au la nne nikauma kitu kigumu, nikadhani ni mfupa. Nikakitema kiganjani, nikakisogeza kwenye moto nikione. Kilikuwa kipande cha kioo cha taa, kidogo kama punje ya mchele. Nikakitupa, nikaendelea kula.

Msomaji wenu,
dereva mstaafu, Morogoro