Babu anasikia wakiwa wawili, wakiwa watano anapotea

Ndugu, umeuliza kwa nini babu anamsikia mtu mmoja vizuri, ila sebuleni wakiongea watano anapotea. Ubongo hutenganisha wasemaji hasa kwa upande sauti inakotoka (hufika sikio moja mapema kidogo kuliko la pili) na kwa unene au wembamba wa sauti yenyewe. Mtafiti Colin Cherry alilipima hili mwaka 1953 kwa kusikilizisha watu maneno tofauti kila sikio: waliofuata maneno ya sikio moja hawakutambua kwamba kwenye sikio la pili lugha imegeuka kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani, ila sauti ya mwanamume ikigeuka kuwa ya mwanamke walijua. Uzee hudhoofisha uwezo huo. Mkalisheni anapoona nyuso zenu, zimeni redio, na tafadhali msimwambie anajifanya hasikii.